Saa Nyepesi na Saa ya Moyo

Saa zote mbili zilikuwa zimelazwa juu ya meza ya bati, na Blandina Tlehema alikuwa amezishika na kuzirudisha mara nyingi mno, hata fundi wa Shirikisho akaacha kumtazama na kuanza kukunja mikanda iliyobaki.

"Binti, wenzako wameshachagua," alisema. Jina lake Rajabu Ndee, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyepanda kambini kila mwanzo wa msimu na masanduku yake ya saa. "Wako nje wanapasha misuli. Umebaki wewe tu."

"Nieleze tena."

"Nimeshakueleza."

"Tena, baba. Tafadhali."

Rajabu akashusha pumzi, akainua saa ya kwanza. Ilikuwa nyembamba, kioo cheusi, mkanda wa kijivu. "Hii ni nyepesi. Inaongea na setilaiti, basi. Inajua ulipo, unakwenda kasi gani, umepanda mlima kiasi gani. Ukizidiwa na joto, droni ya maji inakufuata. Kingine haijui, na haiulizi."

Akaichukua ya pili, akaigeuza tumbo juu. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinapepesa mgongoni mwake.

"Hii ni ya moyo. Yote ya ile inafanya, halafu hizi taa zinamulika damu chini ya ngozi. Kila pigo inalihesabu. Ikishakuzoea, inaujua moyo wako kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ikisikia kitu kigeni, inakwambia usimame."

"Na ikisikia kitu nilichozaliwa nacho?"

Rajabu aliipangusa saa kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. "Hapo inaingia Sheria ya Damu. Unaijua."

Aliijua. Kila mkimbiaji wa nyanda za juu aliijua, na aliijua kwa sababu ya vijana wawili wa mama mmoja. Mkubwa alikutwa na kasoro ya moyo, madaktari wakamtunzia siri yake kama desturi ilivyotaka. Mdogo, ambaye hakuambiwa kitu, akaanguka kwenye utepe wa mwisho mbele ya mama yao. Mama alikwenda mahakamani na kuuliza swali moja tu: siri ya mwanangu mmoja ilikuwa na haki gani ya kumuua mwenzake? Tangu hapo, saa ya moyo ikithibitisha kasoro ya kurithi, ndugu wote wa damu wanaokimbia wanasimamishwa papo hapo mpaka wapimwe. Hakuna anayeombwa ruhusa.

"Hata kama yuko katikati ya mashindano?" Blandina aliuliza.

"Hata kama anauona utepe."

"Basi kwa nini msitulazimishe wote kuvaa ya moyo? Ingekuwa rahisi."

"Walijaribu. Wakimbiaji wakagoma, wakasema moyo ni wa mtu, si wa Shirikisho. Ndiyo maana kuna meza hii." Rajabu akazisogeza saa zote mbili mbele yake. "Ila ukichagua umechagua. Msimu mzima. Zamani watu walikuwa wanavua ya moyo siku wakijisikia vibaya."

Blandina akaitazama ile ya kijani ikipepesa. Akahamishia uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Tangu utotoni hakuweza kusimama mahali pamoja. Mama yake alikuwa akimtuma kisimani mara mbili ili tu mama mwenyewe apate kupumzika.

"Bado?" Sauti ilitoka mlangoni.

Alikuwa Sesilia, dada yake mkubwa, jasho likimtiririka shingoni, saa nyepesi imeshakaa mkononi mwake. Alimsalimia fundi kwa heshima, akamwomba awape dakika moja, kisha akamshika mdogo wake kiwiko na kumtoa hadi nyuma ya stoo, palipopangwa madumu ya maji.

"Blandi, chukua nyepesi."

"Dada, nimekwambia ninavyojisikia."

"Umeniambia. Mlimani moyo unaruka kama ndege aliyefungiwa mfukoni. Ulikwenda zahanati, wakakulaza, wakakupima. Wakasema nini?"

"Wakasema mzima. Lakini kitandani hauruki! Unaruka nikipanda tu. Na kipimo kikubwa cha hospitali ya rufaa hawakupi mpaka saa iseme."

"Basi haijasema. Iache isiseme." Sesilia akafuta uso kwa fulana yake. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mkimbiaji mwenye kasi kuliko wote upande ule wa mlima Hanang, na mara mbili aliachwa nyumbani timu ya mashindano ya dunia ilipoondoka: mara ya kwanza kwa kuvunjika kifundo, ya pili kwa kujifungua mtoto ambaye hakuishi. "Msimu mmoja tu. Mbio za Ngano zipite, nichaguliwe, niende nirudi. Nikirudi tunakwenda hospitali wote wawili. Nakuapia kwa kaburi la baba."

Kutaja kaburi la baba halikuwa jambo jema, na aliligundua baada ya kulitamka. Baba yao alianguka shambani wakati wa kuvuna ngano, kabla hajafikisha miaka arobaini. Watu walisema ni jua.

"Na wewe ukianguka?" Blandina aliuliza polepole.

Sesilia akaangalia pembeni, kule wenzao walikokuwa wakiinua magoti na kucheka.

"Unadhani mimi sijausikia?" alisema mwishowe. "Wangu nao unaruka. Mwaka wa tatu huu. Na nipo, au sipo? Usiogope, mdogo wangu. Ni ukoo wetu tu, tuna mioyo yenye kelele."

Alimpigapiga begani, akarudi uwanjani akikimbia. Alidhani amemtuliza.

Blandina alibaki katikati ya madumu. Kama ungekuwa moyo wake peke yake, angeweza kuuficha. Angekwenda polepole, angeomba Mungu, angengoja. Sasa alikuwa amepewa wa pili wa kuubeba.

Aliingia ndani, akavaa saa ya moyo.

*

Sesilia aliiona saa ile jioni hiyo hiyo. Waliendelea kulala chumba kimoja kambini, vitanda viwili na dirisha moja, na kila asubuhi Sesilia alifunga viatu akiwa amempa mgongo. Alipotaka kupishana naye mlangoni alisema "samahani" kama anavyoambiwa mgeni.

Saa nayo ilikuwa inajifunza. Ilitetemeka kidogo kila jioni na kuandika kiooni: *Naendelea kukuzoea.* Blandina aliitazama akila, akifua, akipiga mswaki. Alikimbia tambarare na mstari wa kijani kiooni ulinyooka. Alipanda mlima akingoja ule mruko, na ile siku aliyoungoja kwa hofu zaidi haukuja. Akaanza kujiambia labda ni woga tu. Kesho yake, kwenye kona ya juu ya mikaratusi, ndege alijigonga mara tatu kifuani mwake, na mstari ukageuka rangi ya chungwa kwa muda mfupi, kisha ukarudi kijani. Chini yake maneno yalijiandika: *Kipimo hakijakamilika.*

Siku hiyo alimfuata Kocha Leonsi Gwandu, aliyekuwa kwenye banda lake akizungusha picha ya njia ya mbio hewani juu ya meza, milima midogo ya mwanga ikiinuka na kushuka kati ya vidole vyake.

"Kocha, hii chungwa ni nini?"

"Imesikia kitu, lakini haina hakika. Mkono ukipungapunga, mwanga unachanganyikiwa. Haijui kipi ni moyo na kipi ni mtikisiko." Alizima picha. "Ili ithibitishe, lazima ikukamate moyo ukiwa umechachamaa lakini mwili umetulia. Itakwambia ukae chini. Dakika mbili, mkono usisogee hata kidogo. Usipokaa, haithibitishi."

"Na isipothibitisha haitumi chochote?"

"Haitumi chochote."

Blandina akatembea hadi kwenye ukuta na kurudi. "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayeamua. Si yenyewe."

"Ndiyo. Wakimbiaji waliogoma walipata hicho. Mtu akikataa kukaa, hakuna wa kumlazimisha."

"Nikiacha kukimbia kabisa, je? Leo hii. Nikarudi nyumbani nikalime."

Kocha alikunja mikono. "Nililifikiria hilo kabla yako. Ungekuwa salama, na dada yako angekwenda kwenye mchujo wake bila wasiwasi."

"Angekwenda na kitu kifuani ambacho tunakijua sisi wawili tu."

"Watatu sasa," Kocha alisema, akajikuna kidevu. "Nimemfundisha Sesilia tangu alipokuwa akikimbia peku. Nikimlazimisha apimwe, ananihama, anakwenda kambi nyingine na saa yake nyepesi. Sheria inamruhusu. Kwa hiyo sitakwambia ukae, na sitakwambia ukimbie. Usinidai hilo, Blandina. Sina."

*

Mbio za Ngano zilianza kabla jua halijachomoza, kwa sababu tangu joto liongezeke hakuna aliyeruhusiwa kukimbia asubuhi ikishakolea. Watu walijipanga kando ya barabara na mashuka mabegani. Juu yao droni za maji zilining'inia kama nyuki wakubwa, kila moja ikitafuta saa ya mtu wake.

Sesilia alivaa fulana nyekundu. Pale kwenye mstari wa kuanzia aligeuka, akamwangalia mdogo wake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na midomo yake ikafunguka kana kwamba anataka kusema jambo. Bastola ililia.

Mwanzo ulikuwa mwema. Njia ilipita katikati ya mashamba yaliyovunwa, tambarare, upepo mgongoni, na Blandina alikimbia na kundi la pili akisikia viatu vya wenzake vikipiga udongo kwa pamoja. Alijisikia mwepesi. Alijiruhusu kufikiri kwamba leo haitatokea. Atamaliza, Sesilia atashinda, watakumbatiana, na yote yatakayofuata yatafuata.

Kisha barabara ikaanza kupanda.

Mruko wa kwanza aliupuuza. Wa pili ulimkata pumzi. Halafu moyo ukaacha kuruka na kuanza kukimbia wenyewe, bila mpangilio, kama umati unaokimbilia mlango mmoja, na saa ikatetemeka mpaka kwenye mfupa.

*SIMAMA. KAA CHINI. USISOGEZE MKONO.*

Hakusimama. Aliushusha mkono pembeni asiione. Hatua zake zilikuwa zinakwenda zenyewe, na mbele, kule juu ambako njia ilijikunja ubavuni mwa mlima, aliiona fulana nyekundu iko peke yake. Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Kipaza sauti cha mbali kilikuwa kinaliita jina la Tlehema, na watu walikuwa wanashangilia, na lilikuwa jina lake pia.

*SIMAMA. KAA CHINI.*

Kama angeendelea taratibu hivi hivi, akitikisa mkono, saa isingepata hakika. Angeweza hata kutembea. Sesilia alikuwa amebakiza kipande kifupi tu. Pembe za macho ya Blandina zilianza kuwa nyeusi. Alimwona baba yake, si uso wake, bali kofia yake imeangukia ngano, na watu wanasema ni jua, ni jua.

Wangu nao unaruka, Sesilia alikuwa amesema. Na sasa Sesilia alikuwa anapanda, kwa kasi kuliko siku yoyote maishani mwake.

Blandina alitoka barabarani na kukaa kwenye mabua.

Aliulaza mkono juu ya goti. Wenzake walimpita, mmoja akamuuliza "Vipi?" bila kusimama. Droni yake ilishuka, ikamwekea kivuli. Kiooni duara lilianza kujijaza, polepole, na ndani yake mistari ya chungwa ilikuwa imechanganyikana kama nyuzi zilizokatika.

Kukaa kule kulimwia vigumu kuliko kukimbia kokote. Miguu ilitaka kuinuka. Kila kipande cha mwili wake kilimwambia atikise mkono mara moja tu, kidogo, kama anafukuza nzi, na duara litafutika, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba haikuwa bahati mbaya. Nzi hata alikuja. Akatua kwenye kidole gumba chake, akatembea hadi kwenye kucha. Blandina alimtazama na machozi yanamshuka, na hakumfukuza.

Juu ya mlima fulana nyekundu ilikuwa bado inapanda.

Duara likajaa. Kioo kikageuka chekundu. *Imethibitishwa. Msaada unakuja. Ndugu wanaarifiwa.*

Aliiona droni ya Sesilia ikishuka na kuwasha taa zake mbele ya uso wake. Fulana nyekundu ikapunguza mwendo. Sesilia aliinua mkono, akaisoma saa yake. Kisha akageuka, akaangalia chini kwenye mashamba yale mapana, akitafuta. Blandina hakujua kama alionekana. Kilichofuata alikijua vizuri: dada yake aliizunguka droni na kuendelea kukimbia.

*

Sesilia alikuwa wa kwanza kufika. Kocha Gwandu ndiye aliyemweleza Blandina ndani ya ambulensi, wakiwa wamemfunga nyaya kifuani. Sesilia alikanyaga mstari wa mwisho na ubao wa matokeo haukuwaka, kwa sababu saa yake ilikuwa imezimwa tangu aliposimamishwa. Utepe waliuinua upya wakamwekea msichana aliyefuata, wa kutoka Singida, ambaye aliukata huku akilia kwa aibu.

"Amesema nini?" Blandina aliuliza.

"Amekaa tu juu ya jiwe, amevua viatu."

Hospitali ya rufaa iliwapima siku moja, vyumba viwili vinavyotazamana. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, Dokta Mwaisaka, na alimwonyesha Blandina moyo wake ukielea hewani, mwekundu, ukubwa wa ngumi. Alielekeza kidole kwenye ukuta uliokuwa mnene kuliko unavyopaswa. Alisema ni wa kurithi. Alisema bila shaka yoyote kwamba ungemwangusha, kama si mlima ule basi mwingine. Kutembea ruksa. Kukimbia, basi.

"Na dada yangu?"

Daktari akafungua mlango na kumwita Sesilia aingie, akamuuliza kama anakubali majibu yasomwe mbele ya mdogo wake. Sesilia akatikisa kichwa kukubali.

"Wako hauna kasoro. Ile miruko uliyoisikia ni mapigo ya ziada tu, wengi tunayo, hata mimi ninayo nikinywa kahawa. Hukurithi."

"Hauna kasoro," Sesilia alisema. Alilitamka kama mtu anayerudia tusi alilotukanwa. "Kwa hiyo ningeweza kumaliza."

"Hatukujua," daktari alisema.

"Sasa tunajua."

Alitoka, na Blandina alisikia hatua zake zikienda ukumbini, kisha zikienda kasi, kisha zikikimbia.

Shirikisho lilikataa rufaa yake. Lilisema sheria ilifanya kazi yake, na timu ikaondoka na msichana wa Singida. Blandina alirudi nyumbani kwa mama yao na kidonge cha asubuhi na cha jioni. Hakuweza kutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alizunguka zizi, akazunguka nyumba, akarudi kwenye zizi, na mama yake akamwambia, "Mwanangu, utachimba mfereji." Alimpigia Sesilia simu kambini. Iliita hadi ikakatika. Kesho yake akapiga tena.

Sesilia alikuja bila taarifa, Jumapili moja baada ya misa, amevaa gauni na viatu vya mbio. Alimwamkia mama, akanywa maji, kisha akatoka nje alipokuwa mdogo wake na kusimama mbali naye kidogo.

"Ungeweza kuendelea," alisema. "Uliiona fulana yangu. Usiniambie hukuiona."

"Niliiona."

"Ungeweza kutembea mpaka nimalize."

"Ningeweza." Blandina hakutaka kujitetea. Usiku mwingi alikuwa ameshajitetea peke yake. "Nilidhani na wewe unakufa, dada."

"Najua ulichodhani. Mimi ndiye niliyekudhanisha." Sesilia alisugua kiatu kwenye vumbi. Sauti yake ilishuka. "Nimekuja kukwambia kitu, halafu ukitaka nitaondoka. Droni iliposhuka nilisoma kiooni kwamba ni wewe. Jina lako lilikuwa pale. Nikageuka nikakutafuta, na kitu cha kwanza kilichonijia si kwamba uko hai au umekufa. Nilisema, kwa nini amekaa. Nilitamani usingekaa, Blandi. Ndugu yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana sikupokea simu. Nilikuwa nashindwa kukusikia unaongea."

Blandina akaitazama ile sura, iliyokonda, iliyofanana na yake.

"Mimi pia nilitamani nisingekaa," alisema.

Ndani, mama alikuwa akiburuta kigoda kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

"Bado nina hasira," Sesilia alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu. Sijui itaisha lini."

"Njoo nayo tu."

Sesilia akafuta pua kwa kiganja. "Basi twende, tutembee. Siwezi kukasirika nimesimama."

Walitoka getini na kushika njia ya kwenda juu, mmoja mwenye gauni na mmoja mwenye kanga kiunoni. Sesilia alikuwa na hatua ndefu na kila mara alijikuta mbele, akijirudi, akijikuta mbele tena. Mwinuko ulipokuwa mkali Blandina alihisi kifua kinaanza kujaa, akainua mkono. Na Sesilia, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsubiri mtu mlimani, akasimama.